Muhula na Miadi

Palikuwa na kisanduku kidogo upande wa kulia wa kioo cha kompyuta, kilichotaka kuandikwa nambari moja tu, nayo ni idadi ya siku ambazo kitu hukaa baina ya kuagizwa na kuwa tayari. Na katika miaka ya mwisho ya utumishi wangu nilikiandikia kisanduku hicho nambari nyingi, nyingine kwa ujuzi, nyingine kwa kukisia, na nyingine, nasikitika kusema, kwa hofu. Programu ile ililiita jambo hilo kwa jina la kigeni, nasi ofisini tukawa tukilitamka vivyo hivyo, hata siku moja nilipokuwa nikimwandikia mteja barua nikatambua kwamba lugha yetu inayo maneno mawili yaliyotimia kwa kazi hiyo. Miadi ni siku ambayo mtu amekubaliana na mwenziwe kwamba jambo litakuwa. Na muhula ni ule wasaa anaopewa kabla ya siku hiyo kufika. Vijana wa leo aghalabu hulijua neno muhula kwa habari za shule tu, walakini wazee wetu walipokuwa wakikopeshana fedha na nafaka walikuwa wakiombana muhula, na aliyepewa muhula alijua kwamba amewekewa amana. Kwa hiyo nitayatumia maneno hayo katika habari hii, kwani ni habari ya namna tulivyoitumia vibaya amana ya watu, na namna tulivyojifunza.

Niliajiriwa mwaka 1983 kuwa karani wa maagizo katika kiwanda kimoja cha milango na samani kilichokuwa Shimanzi, Mombasa, si mbali na reli iendayo bandarini, mahali ambapo harufu ya vumbi la mbao ilichanganyika mchana kutwa na harufu ya mafuta kutoka matangi ya jirani. Kazi yangu ilikuwa kupokea oda za wateja, kuziandika katika daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, kuandika kadi ya kazi kwa kila oda, na kumpelekea nyapara wa karakana. Miadi aliitaja nyapara mwenyewe. Alikuwa mzee wa Kimvita, fundi tangu utoto wake, na nilipomwuliza mlango fulani utakuwa tayari lini hakujibu papo hapo, bali alisogea hadi kizingitini, akaangaza macho uani penye mbao zilizopangwa, akaangalia na meza za kuungia kama zimejaa au zi tupu, ndipo akasema, “Jumamosi ya tatu,” au, “Mwambie baada ya Idi,” na mara nyingi ikawa hivyo. Sikujua wakati ule kwamba lile jicho alilolitupa uani kabla ya kunena ndilo lililokuwa hesabu yenyewe. Niliona ni desturi ya mzee tu, kama vile kujifuta miwani.

Mapema mwaka 1995 mwenye kiwanda alinunua kompyuta tatu na programu ya kupangia kazi, na mimi nikachaguliwa kufunzwa. Asili ya programu za aina ile ni Marekani, na mtu anayetajwa zaidi katika habari zake ni Joseph Orlicky, mhandisi ambaye miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa katika kiwanda cha zana za kilimo cha J. I. Case, mjini Racine, Wisconsin, kisha akahamia IBM, na kitabu chake juu ya kupanga mahitaji ya vifaa kilitoka mwaka 1975. Fikira yake, kwa anayeitazama kwa insafu, ni nzuri na nyepesi kufahamika. Mteja akitaka mlango tarehe fulani, na mlango huo una fremu moja, mbao kadhaa, bawaba tatu, kitasa kimoja na vanishi kiasi fulani, basi anzia siku ya miadi, urudi nyuma hatua kwa hatua: toa siku za kupaka vanishi, toa siku za kuunga, toa siku za kukata na kuranda, toa siku za kuleta mbao, na pale utakapofika ndipo siku ya kuanza. Mwanadamu mwenye oda 200 na vipande 3,000 hawezi kuyafanya hayo kichwani kila asubuhi, na kompyuta huyafanya huku wewe ukinywa kahawa. Niliipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza, na ningali nikiipenda.

Lakini katika tadbiri ile kulikuwa na jambo ambalo mwalimu wetu alilipitia upesi, nami sikulishika. Programu hairudi nyuma kwa kutazama uani. Hurudi nyuma kwa zile siku ulizoziandika katika kisanduku, na siku hizo kwake ni sawasawa, milango iliyo karakanani ikiwa 5 au 500. Mwalimu alisema tuandike muhula wa kawaida. Tukamwuliza nyapara, naye akasema kukata na kuranda siku 5, kuunga siku 6, msasa na vanishi siku 5, bawaba na vitasa siku 2. Jumla siku 18 za kazi. Tukaziandika. Na tangu siku hiyo hapana tena aliyemwuliza mzee kitu, kwa maana tarehe zilikuwa zikitoka katika printa, na ilionekana kama utovu wa adabu kwa mashine ya thamani ile kumwuliza mtu jambo ambalo mashine imekwisha kulijibu.

Miezi ya kwanza ilikwenda vema, kisha oda zikaongezeka, na milango ikaanza kuchelewa siku tatu, siku nne, juma. Mwenye kiwanda aliniita akaniuliza sababu. Nami, kwa nia njema kabisa, nilifanya jambo ambalo karani yeyote angelifanya: nikafungua kile kisanduku, nikaona pameandikwa 18, nikasema moyoni kwamba ikiwa milango inachukua siku 25 basi kweli ni 25, nikasahihisha. Programu ikatii. Kila oda iliyokuwa ianze juma lijalo ikaambiwa ianze leo, na siku ile ile zikatoka kadi nyingi zaidi ya zilizopata kutoka kwa siku moja, zikapelekwa karakanani zote pamoja. Meza ya kuungia iliyokuwa na milango 10 ikawa na 25. Fundi aliyekuwa akimaliza mmoja kisha akashika wa pili sasa alikuwa akishika huu, akiuacha, akishika ule, kwa kadiri ya mwuza bidhaa aliyempigia kelele mara ya mwisho. Milango ikazidi kuchelewa. Kabla ya mwezi Septemba nilikwisha kubadili 25 kuwa 35, na kila nilipoongeza muhula ili tusichelewe, tulichelewa kwa muhula ule ule mpya na ziada yake. Nilidhani ninapima ugonjwa, kumbe nilikuwa nikiulisha.

Oda iliyotufedhehesha ilikuwa ya hoteli moja mpya ya pwani ya kaskazini: milango 164 ya mvule na fremu zake, miadi tarehe 15 Novemba 1995, ili hoteli ifunguliwe kabla ya wageni wa Desemba. Ilifika mwezi Agosti. Wasaa ulikuwepo tele. Programu ikarudi nyuma siku 35, ikasema kazi ianze mwanzoni mwa Oktoba, nasi tukangojea mpaka Oktoba, ilhali mbao zilikuwa kavu bandani tangu kusi. Kisha kadi za milango yote 164 zikaingia karakanani katika juma moja, zikakuta kadi za wengine zimekwisha kuziba njia. Milango ya mwisho tuliipeleka katikati ya Januari. Nilikwenda hotelini siku moja ya Desemba kupeleka barua ya kuomba radhi, nikapitishwa katika ujia wa ghorofa ya pili ambako vyumba 23 vilikuwa vimetundikwa shuka nyeupe penye milango, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukizipeperusha shuka zile zote kwa pamoja, zikivimba na kurudi, chumba baada ya chumba. Msimamizi wa ujenzi, mtu mpole, hakunitukana. Alinionyesha tu barua yangu ya Agosti yenye sahihi yangu na tarehe ya miadi, akaniuliza, “Bwana karani, tarehe hii uliitoa wapi?” Nikamwambia imetoka katika kompyuta. Akaikunja barua, akaitia mfukoni.

Nilirudi na swali lile, likanilalia kifuani kwa siku nyingi. Tarehe niliitoa wapi? Mwezi wa Februari mwaka 1996 niliomba ruhusa ya mwenye kiwanda kufanya jambo moja ambalo wenzangu waliliona la kitoto: kuchagua mlango mmoja, wa oda ya kawaida tu, na kuufuata tangu ubao wake unatoka bandani mpaka unapakiwa garini, nikiandika kila saa iliyopita juu yake. Niliutia alama ya chaki ya buluu upande wa ndani wa nguzo, nikanunua daftari dogo la kurasa 48.

Ubao ulikatwa kwa dakika 20, ukaegemezwa ukutani kungoja randa. Ulingoja siku sita. Ukarandwa kwa dakika 35. Kisha ukangoja siku nane kuchongwa ndimi na matundu, kwa kuwa mbele yake palikuwa na rundo lililofika kifuani mwa mtu. Nilikuwa nikishuka kila asubuhi saa mbili na kila jioni kabla ya king’ora, na mara nyingi niliukuta pale pale nilipouacha, chaki yangu ikiwa imefifia kidogo kwa vumbi, hata nikawa nauhurumia kama kwamba ni mtu aliyesahauliwa barazani mwa ofisi ya serikali. Siku ya ishirini na moja haukuwapo. Tuliutafuta asubuhi nzima, mimi na kijana wa stoo, tukauona chini ya milango mingine 14 iliyorundikwa juu yake, na pembe yake moja imeumia, ikabidi irudishwe kukatwa upya. Fundi aliyeuunga aliuunga kwa saa tatu na nusu, kwa mikono iliyotulia, akipaka gundi kwa kijiti na kuifuta iliyozidi kwa kitambaa cha majimaji, na hakuna lililokuwa na haraka wala uzembe katika kazi yake. Ukapigwa msasa, ukapakwa vanishi mara tatu na kukaushwa siku tatu, ukatiwa bawaba na kitasa, ukatoka.

Siku 38 za kazi. Nilipojumlisha nikaona kwamba mikono ya watu imeugusa mlango ule kwa muda wa saa 11 na ushei, na kukauka kwa vanishi kumechukua siku zake tatu ambazo hapana wa kuzipunguza. Na siku zote zilizosalia, zisizopungua 33, haukufanyiwa kitu chochote. Ulikuwa umesimama. Nilimpelekea nyapara daftari langu nikamsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaniambia, “Mwanangu, mlango huu ungenipa mkononi asubuhi ya Jumatatu, Jumamosi ningekupa. Lakini wewe hukuniuliza mbele yake iko mingapi.” Akanyamaza kidogo, akaongeza, “Zamani ulikuwa ukiniuliza.”

Baadaye, katika vitabu nilivyoazima, nilikuta kwamba jambo lile lina kanuni yake na lina watu waliolitolea ushahidi. Mtaalamu wa Kimarekani, John Little, alithibitisha mwaka 1961 kwamba wastani wa vitu vilivyomo katika foleni ni sawa na idadi ya vinavyoingia kwa kila saa mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Mtu wa Mombasa hahitaji kuthibitishiwa kanuni hiyo. Asimame tu Likoni jioni moja. Ikiwa kivuko huvusha magari 100 kwa saa, na mbele yako yako magari 300, utangoja saa tatu, uwe na gari jipya au bovu, uwe na haraka au huna. Nilishuka karakanani kuhesabu milango yote iliyoanzwa na haijatoka, ile iliyoegemezwa, iliyorundikwa na iliyokuwa mezani, nikapata 570. Kiwanda kilikuwa kikitoa milango 15 kwa siku. Gawanya: siku 38. Nilisimama na kalamu mkononi katikati ya kelele za misumeno, na sikuweza kwa muda kuondoka, kwa kuwa jibu la swali la yule bwana wa hoteli lilikuwa limenizunguka pande zote, nami nilikuwa nimelipita kila siku kwa mwaka mzima.

Na Oliver Wight, aliyekuwa miongoni mwa waenezaji wakubwa wa programu hizi, alikwisha kuandika mwaka 1970 kwamba anayetaka kuutawala muhula apime kiingiacho na kitokacho, kwa maana kazi ikiingia zaidi ya inavyotoka, foleni hurefuka, na foleni ndiyo muhula. Elimu ilikuwepo miaka 25 kabla yetu. Haikuandikwa tu katika kisanduku.

Tiba ilikuwa rahisi kuitaja na ngumu kuifanya. Tulikubaliana, nyapara na mimi, kwamba kadi zisitolewe tena kwa sababu tu programu imefika tarehe, bali zitolewe kwa kadiri karakana inavyomaliza. Na kwa muda wa wiki nane tukawa tunaingiza milango 7 kila siku ilhali inatoka 15. Mwenye kiwanda alipoona mashine ya kuranda imesimama mchana kweupe, hakupendezwa, na haki yake. Mashine iliyolala humwuma mwenye mali. Akaniuliza pia swali ambalo kila mwenye akili huliuliza: ikiwa oda haingoji karakanani, si itangoja katika kompyuta, na mteja je, amepata nini? Nilimjibu kwamba oda inayongoja katika kompyuta haiumii pembe, haipotei chini ya nyingine, haijala mbao ya mtu mwingine, na mteja akibadili kipimo au rangi kabla haijakatwa, hasara ni wino tu. Fauka ya hayo, mwuza bidhaa akiifungua orodha ataona foleni kamili mbele ya macho yake kabla hajatamka tarehe, ilhali ile ya karakanani hakuna aliyekuwa akiiona. Alinipa muhula wa wiki nane. Nilimshukuru kwa neno alilolitumia.

Ilipotimia wiki ya nane palikuwa na milango isiyotimia 190 karakanani, na kutoka kukatwa mpaka kupakiwa ilikuwa ikichukua siku 12 au 13. Mafundi walikuwa wale wale, mashine zile zile. Niliandika 14 katika kisanduku, nikamwita mzee aje aione nambari ile kabla sijaihifadhi, naye akavaa miwani, akainama karibu sana na kioo, akasema, “Hiyo naweza kuitilia dhamana.”

Jambo la pili tulilolibadili lilihusu tarehe zenyewe. Programu ilikuwa na nafasi ya tarehe moja kwa kila oda, na wauza bidhaa walikuwa wakiandika humo ile siku anayoitaka mteja, hata kama ni kesho, wakidhani kwamba kuandika matakwa ni kuyatimiza. Asubuhi moja ya Jumamosi nilitoa orodha ya oda zilizopitwa na miadi, printa ikalia mpaka karatasi ikafika sakafuni na kujikunja: mistari 212. Nilimpelekea nyapara, akaipokea kwa adabu, akaiweka chini ya birika la chai, na nilielewa. Orodha ambayo kila kitu ndani yake kimechelewa haimwambii mtu ashike kipi kwanza. Tukaamua kuwa kila oda itakuwa na tarehe mbili, ya kutakiwa na ya kuahidiwa, na kwamba hapana oda itakayolala siku ya Jumamosi ikiwa na ahadi iliyokwisha kupita. Ama inakamilika, ama mteja anapigiwa simu, anaelezwa kweli, na kupewa tarehe mpya ambayo nyapara ameikubali kwa kinywa chake. Simu zile zilikuwa nzito. Nilipiga 60 na zaidi katika juma la kwanza, na ninakumbuka mwalimu mmoja wa shule ya Kwale aliyekaa kimya upande wa pili hata nikadhani laini imekatika, kisha akasema kwamba ni mara ya kwanza kiwanda kumpigia yeye kabla yeye hajakipigia.

Yako na mambo ambayo nambari moja haitoshi kuyabeba, na hapa ninamkumbuka marehemu baba yangu, aliyekuwa karani wa majahazi katika Bandari ya Kale. Majahazi ya Ghuba yaliingia kwa kaskazi, na tende zake na mazulia na papa wake, yakaondoka kusi lilipoanza; na mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka kitu cha Basra alituma habari zake na jahazi lililokuwa likirudi, akajua kwamba hatakiona mpaka musimu ujao. Baba hakupata kuniambia kwamba kitu hicho kimechelewa. Muhula wake ulikuwa mrefu, lakini ulijulikana, na kila mtu aliupangia arusi na madeni yake. Mwanawe, aliyekuwa na kompyuta, aliandika siku 5 za vanishi kwa mwaka mzima, kama kwamba masika hayapo; na kila mwezi wa Mei, unyevu ulipotanda na mkono ukigusa mlango ukaacha alama baada ya siku mbili, tulishangaa upya kwa nini chumba cha vanishi kimejaa. Nikaanza kubadili nambari ile kwa majira: 5 wakati wa kaskazi, 9 tangu Aprili hadi mwisho wa Juni. Nilijifunza kwa baba jambo ambalo alikwisha kunifundisha nikiwa na umri wa miaka saba.

Kisha ukaja mwaka 1997, na ukatupima. Mwezi wa Agosti palizuka machafuko Likoni, watu wakauawa na wengine wengi wakayahama makazi yao, na watalii wakaikimbia pwani. Hoteli zikafuta oda kwa barua za mistari miwili. Mwishoni mwa mwaka zikaja mvua za El Niño, barabara ya Nairobi ikakatika mahali pengi, na mbao zetu za bara zikakwama. Sikusudii kulinganisha hasara ya milango na roho za watu. Nasema tu yale yaliyonipata katika kazi yangu: kwa desturi yetu ya mwaka 1995 tungalikuwa na milango 570 imekatwa kwa vipimo vya vyumba ambavyo havitajengwa tena, ambapo sasa tulikuwa na isiyozidi 200, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya shule na nyumba za watu. Ndipo nilipofahamu madhara ya muhula mrefu ambayo hayamo katika orodha ya waliochelewa. Anayeanza kazi siku 38 kabla ya miadi analazimika kujua leo yatakayokuwa baada ya siku 38, na ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Anayeweza kuanza siku 13 kabla, anakisia machache na kukosea machache. Wafanyakazi wetu walipunguziwa siku za kazi mwaka ule, lakini hapana aliyeachishwa kwa sababu fedha zimefia katika mbao zilizokatwa.

Nilistaafu, na mambo ya foleni yakawa hayanihusu tena ila kwa kuyasoma magazetini. Niliposikia mwezi Machi 2021 kwamba meli ya Ever Given imeziba Mfereji wa Suez kwa siku sita, na tangu mwisho wa 2023 kwamba meli nyingi zinaikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nilikuwa nikiwafikiria makarani wa stoo nisiowajua, kila mmoja amekaa mbele ya kisanduku chake, akijiuliza kama vitasa vilivyokuwa vikija kwa siku 45 aviandikie 60 au 90, na akielekea, kama nilivyoelekea mimi, kuandika iliyo kubwa kuliko zote ili asilaumiwe. Vya ng’ambo ni kweli vina bahari yake, na mtu hana amri juu ya bahari. Anachoweza ni kuangalia shehena 10 za mwisho zilichukua siku ngapi moja moja, na kuweka akiba ya vitasa rafuni kwa zile zilizochelewa. Lakini aghalabu hofu ya bahari huenezwa mpaka karakanani, na kila kitu kikaongezwa muhula kwa sababu kimoja kimechelewa.

Binti wa ndugu yangu anayo karakana yake Mtwapa sasa, mafundi 12, milango na makabati ya jikoni, na programu iliyo katika simu yake ina nguvu kuliko kompyuta zetu tatu za 1995 zikiwekwa pamoja. Mwezi uliopita alikuja kunichukua kwa gari. Alikuwa na kisirani, kwa kuwa wateja wanalalamika, na njiani akaniambia, “Ami, nataka uniambie tu niandike ngapi. Nimeweka siku 20, na bado hazitoshi. Niweke 30?” Nilimwomba asiandike kitu kwanza. Tulipofika aliniletea kiti na maji ya madafu, akafungua simu anionyeshe orodha yake, nami nikamwambia aiweke mfukoni, anishike mkono, kwa kuwa uani pana vipande vya mbao na macho yangu si yale. Tukasimama kizingitini. Msumeno ulikuwa ukilia, na kijana mmoja alikuwa akiondoa milango minne iliyoegemezwa ukutani ili aufikie wa tano.

“Kuna mingapi hapa iliyoanzwa?” nikamwuliza.

Alianza kwa kukisia, akaacha. Kisha akanyoosha kidole, akaanza na ile ya ukutani, moja moja, kwa sauti.